Foronya ndani ya landrova

Shoga, leo nitaua mtu.

Lile landrova kuukuu limenizimikia tena katikati ya mlima, gia ya kwanza, likaanza kurudi nyuma. Na mama mkwe yumo ndani! Mume wangu eti, "Gari zima. Tatizo dereva." Mwezi mzima ananiimbia hivyo!

Nikaenda naye gereji kwa lazima, yeye na mama yake. Fundi akafungua chujio la hewa, akachomoa foronya yangu. FORONYA YANGU niliyoitafuta nyumba nzima!

Fundi akasema, "Huku juu hewa yenyewe haba, na nyinyi mmeliziba pua. Nguvu ya kupanda litaitoa wapi?"

Bwana mkubwa akajibu, "Nilikuwa nazuia vumbi."

Vumbi!

Mama mkwe akamfungia mwanawe mlango, akanigeukia mimi. "Washa, mwanangu. Huyu atapanda kwa miguu, hewa anayo."