Nimemwonea Shamimu Wivu

Shangani,
Mtwara.
14 Novemba 2025

Mpendwa Dada Martha,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na mvua za Njombe zimekuachia nafasi ya kupanda viazi? Sisi hapa wazima, joto tu ndilo linatukaanga.

Dada, nakuandikia wewe kwa sababu kwa mwingine nitaona haya. Nina wivu. Kazi yangu ya kupima korosho unaijua: nachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, nazikata korosho zilizotoka, natamka daraja. Miaka kumi na minne sijawahi kusita. Msimu huu magunia ya ghala moja la Mtawanya yanatoka kwangu safi, yakifika bandarini yana ukungu. Bosi akampa Shamimu, binti aliyeajiriwa juzi tu, atafute chanzo. Mimi nikaachiwa magunia yasiyo na neno.

Kinachoniuma si cheo. Kila asubuhi anaulizwa, naye hujibu "bado sijui" huku anacheka, daftari limejaa maswali mpaka pembeni. Chai inampoa hana habari. Mimi yangu naimaliza, na andazi juu. Nilimchukia, dada, tena sana.

Jumanne nikashtuka. Rundo la magunia ya ghala lile ni refu, na mimi siku zote nachoma magunia ya nje, ya kimo cha kifua, karibu na mlango penye upepo. Ya katikati sijawahi kuyagusa. Huenda basi kosa ni langu. Nikinyamaza, Shamimu atalivumbua na jina langu litachafuka. Nikisema, najichongea mwenyewe. Jana nikamwambia.

Hakunicheka. "Haya dada Tere, twende tukalipangue."

Wabebaji walinuna, lakini tulilipangua hadi sakafuni. Magunia ya katikati makavu kabisa, korosho nyeupe kama za nje! Nimejichongea bure, bosi sasa anajua ninavyochoma, na jibu hatuna. Ningepaswa kulia. Badala yake nikamnyang'anya Shamimu kalamu, tukaandika maswali mapya hadi tukafukuzwa ghalani.

Ila wivu haujaisha. Kesho ni siku yangu ya mapumziko, na yeye anakwenda kuyafuata malori mpaka bandarini, peke yake.

Nisalimie shemeji Petro na Brian. Mungu awatunze nyote, na jibu la Shamimu alifiche hadi Jumatatu nitakaporudi kazini.

Mdogo wako akupendaye,
Theresia