Meno ya Sokwe Wangu

Shoga, acha unachofanya unisikilize. Nimetoka ukumbini sasa hivi, nimejifungia chooni.

Unaikumbuka ile video ya sokwe wangu, anayetoa meno yote nje akiona dume kubwa linamjia? Nimewaeleza watu weee, pale hacheki. Anaogopa. Nikawaonyesha hadi mchoro wa ubongo, woga unapoanzia.

Na walielewa. Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo anaomba asipigwe?" Nikamwambia ndiyo mama, hapo umemaliza.

Basi mkurugenzi wetu akaninyang'anya maikrofoni. "Tumshukuru daktari kwa kutuonyesha kwamba sokwe nao wanacheka kama sisi." Ukumbi mzima makofi.

Wanacheka. Yaani amekaa mstari wa mbele, anatikisa kichwa muda wote, halafu wanacheka. Nimempigia mbuzi gitaa.

Na mimi nikanyamaza, shoga. Mkataba wangu unaisha mwezi huu na anayesaini ni yeye.

Sasa ametuma picha kwenye grupu la kazini. Kanishika bega, chini kaandika, "Daktari wetu akiwa na furaha tele."

Nakutumia uione. Meno yote nje.