Niliwaambia Gari Linaona

Buffalo, Jumamosi jioni, siku mbili baada ya sikukuu ya shukrani, 2016. Theluji nyepesi, upepo mkali kutoka mtoni.

Mpaka leo sikuwa nimemwambia mtu jambo hili: ninapotafsiri, huwa naruka.

Siongezi wala sibuni. Naruka tu. Barua ya shule ikiwa na aya nne, Papa hupata mbili. Daktari akisema maneno mengi ya kutisha, Mama hupata yale ninayoona anaweza kuyabeba siku hiyo. Nimefanya hivyo tangu tulipofika Louisville, jimbo la Kentucky, kutoka kambi ya wakimbizi, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Kwa kuwa napenda vitabu na sisemi sana, watu wanadhani mimi ni mtoto mwaminifu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza nimeacha nini.

Jana nilipita kiasi. Sikuruka tu, nilidanganya, na nusura tufe watu watano.

Nitaandika polepole.

Mwezi uliopita Papa alinunua gari jipya. Jipya kabisa, viti bado vina harufu ya duka. Papa anaendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, usiku kwenye ghala moja Jeffersontown, na alfajiri akirudi kwetu Highview macho yake huwa mazito. Siku moja alisinzia kwenye taa nyekundu, akaamshwa na honi za watu. Ndiyo maana Mama alikubali gari hili. Muuzaji alisema lina kamera za kumsaidia dereva kuona. Katika maelezo yote yale Mama alishika neno moja tu, kuona.

Kitabu cha gari ni kinene kuliko Biblia ya Mama. Nikapewa mimi nikisome. Nilikisoma kwa siku tatu, na lazima nikiri nilikipenda. Nilijifunza kwamba taa za mbele hazitazami mbele tu, bali zinafuata usukani, zikimulika ndani ya kona kabla gari lenyewe halijageuka. Jioni moja tulizunguka jengo letu polepole ili tuone. Kweli, mwanga uliingia kwenye kona kabla yetu, ukamkuta paka juu ya pipa la taka.

"Yesu wangu!" Papa alicheka. "Motokari iko inageuza macho!"

Mdogo wangu Isaka, mwenye miaka minane, alipiga makofi akisema kwa Kiingereza kwamba tumenunua roboti.

Nikaendelea kueleza. Taa kubwa zinajishusha zenyewe kamera ikiona gari linakuja. Ukibonyeza kitufe cha mwendo, gari linafuata lile lililo mbele. La mbele likipunguza, letu nalo linapunguza. Likiona hatari, linashika breki lenyewe. Papa alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelitengeneza.

Nilichoruka ni pembetatu. Karibu kila ukurasa ulikuwa na pembetatu ndogo ya onyo. Dereva ndiye anayewajibika wakati wote. Mfumo huenda usione. Kamera ikizibwa, usiutegemee. Zilikuwa nyingi mno, na Papa alikuwa na furaha mno. Nikajiambia hayo ni maneno ya wanasheria.

Alhamisi tulikwenda Columbus kwa Shangazi, dada mkubwa wa Papa. Njia nzima gari lilifanya yote niliyosema. Papa aliondoa mguu kwenye pedali, akamwonyesha Mama, wakacheka kama watoto.

Jana Shangazi alikuwa asafiri nasi mpaka huku Buffalo. Mjomba, kaka yake Mama, amenunua nyumba ya zamani hapa Black Rock, na familia imekuja kuifungua kwa maombi. Lakini Shangazi ni mama wa maombi, hapandi gari jipya ambalo halijaombewa. Alishuka kwenye maegesho na chupa ndogo ya mafuta ya zeituni, akatuvua kofia wote kwenye baridi ile, akapaka usukani, akapaka magurudumu manne. Kisha akasimama mbele ya gari.

"Mutu anapakwa mafuta wapi?" akauliza.

"Kwenye paji la uso," Mama akajibu.

"Bon, vizuri. Na motokari, paji lake ni wapi?"

Hakungoja jibu. Alichovya vidole vitatu, akajinyoosha, akachora msalaba mnene katikati ya kioo cha mbele, juu kabisa. Halafu akainama akapaka taa zote mbili, akiomba zisilale kamwe.

Juu kabisa, katikati, nyuma ya kioo kile, ndipo ilipo kamera.

Nilijua. Nilikuwa nimeiona kwenye picha, ukurasa mzima. Lakini nani atamwambia Shangazi kwamba hapo si mahali pa kuombea? Mimi hata salamu humpa nikiangalia viatu vyake. Nikasema moyoni kwamba mafuta ni kidogo, yatakauka. Nikaingia garini nikafunga mkanda.

Tulipopita Cleveland manyunyu yakaanza. Papa akawasha waipa. Msalaba ukasambaa, ukawa utando. Dakika chache baadaye gari likalia mara moja na maneno ya njano yakatokea kwenye dashibodi. Yalisema kamera ya mbele haifanyi kazi, safisha kioo.

"Faida, iko inasema nini?"

Shangazi alikuwa ameketi kando yangu, anaimba taratibu, mkono wake uko juu ya goti langu.

"Inasema nje ni baridi, Papa."

"Ee, hiyo hata mimi nilijua," akasema. Mama akacheka.

Papa akabonyeza tena kitufe cha mwendo, kikakubali. Leo nimerudi kusoma sehemu hiyo. Kamera ikizibwa, gari letu hushika tu mwendo uliolipangia. Halimfuati mtu. Halimwoni mtu.

Karibu na Erie, saa kumi na mbili jioni haijafika, giza lilikuwa tayari limeshuka. Mbele yetu taa nyekundu ziliwaka, moja, kisha nyingi, barabara nzima. Magari yalikuwa yamesimama. Letu halikupunguza.

"Papa," nilisema. Nadhani nilisikia mwenyewe tu.

Mama alishika mlango. Papa akamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, "Tulia. Iko inaona."

Alikuwa anangoja. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Mguu wake ulikuwa umepumzika chini, anaingoja breki ijishike yenyewe, kwa sababu binti yake alimwambia itajishika.

"Freni! Papa Faida, freni!"

Mama alipiga kelele kama sijawahi kumsikia. Papa akakanyaga breki kwa nguvu zote na kukata usukani kulia. Mkanda ulinikaba. Sufuria ya sombe, kisamvu alichopika Shangazi, ilipinduka miguuni mwetu. Tulisimama pembezoni mwa barabara, na kitako cha lori kilikuwa sambamba na dirisha la Papa, karibu kiasi kwamba angeweza kulipangusa tope kwa mkono.

Kisha Isaka akaanza kulia, na Shangazi akawa anaita damu ya Yesu, tena na tena.

Papa alipopata sauti alisema, "Ilichelewa kidogo. Lakini iliona."

Haikuona chochote.

Nilikaa na sombe ndani ya viatu vyangu mpaka Buffalo. Ningeweza kuishia hapo, labda. Watu husahau. Lakini leo mchana, kwenye maombi ya nyumba, Shangazi alisimama kutoa ushuhuda.

"Wapendwa, jana shetani alitupangia kaburi pale njiani. Lakini ile motokari mimi mwenyewe niliipaka mafuta, na mikono hii! Na motokari ikasimama yenyewe!"

"Haleluya!"

"Yenyewe, nasema!"

"Amina!"

Papa naye akasimama. Alisema hata hajui kama mguu wake uligusa breki. Mjomba, ambaye hawezi kupitwa na mzaha, akapaza sauti kutoka mlangoni: "Shemeji, basi niachie hiyo gari, niende nayo kazini nikiwa nimelala!"

"Hapana, kesho ni zamu yangu kulala," Papa akamjibu. "Itatupeleka Kentucky yenyewe."

Nyumba nzima ilicheka. Mimi nilipigwa na butwaa. Uongo wangu wa maneno matatu ulikuwa umesimama katikati ya sebule, umevaa nguo za ushuhuda, na watu wanauitikia amina.

Najua Papa alikuwa anatania. Namjua pia vizuri zaidi ya hapo. Kesho tunaondoka kabla hakujapambazuka, tunamshusha Shangazi Columbus, tunaendelea mpaka Louisville, na usiku huohuo Papa anaingia kazini. Ni mwendo wa saa tisa barabarani au zaidi. Macho yake yatakuwa mazito, na atakapohisi yanafumba hatasimama kupumzika. Atasema, iko inaona.

Watu walipoanza kuimba nilimfuata Papa jikoni, nikamvuta mkono wa shati. Nilimwambia nataka kumwonyesha kitu garini. Tulipofunga milango nilimwambia yote, kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza ingekuwa rahisi sana. Nilimwambia kuhusu kamera na mafuta, na maneno ya njano yalisema nini hasa. Nilimwambia kuhusu pembetatu. Nilimwambia kwamba ni mguu wake uliotusimamisha, na ukelele wa Mama.

Alitazama nje kupitia ule utando kwenye kioo.

"Na barua ya hospitali, ile ya Mama yako?" aliuliza.

Sikutegemea swali hilo. Nikamwambia kwamba hata hiyo sikuisoma yote.

Hakunipiga, hakufoka. Ningependa angefoka. Alishuka, akaenda kumwita Shangazi. "Yaya, dada yangu, kuja kidogo." Shangazi akatoka na koti juu ya kitenge chake, na Papa akaniambia nirudie kila kitu. Nilirudia. Mara hii sikuangalia viatu.

"Juu ya nini hukusema palepale?" Shangazi aliuliza.

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi kuliko lori?"

 

Alitazama kioo, akatikisa kichwa, akaguna. "Maombi yameshafika, hayakai kwenye kioo. Lete sabuni."

Papa alichanganya maji ya uvuguvugu, maana ya moto yangepasua kioo kwenye baridi hii, akaosha mwenyewe, kioo na taa zote mbili. Alipowasha gari, maneno ya njano hayakurudi. Nilidhani atafurahi.

"Donc, basi, hata ikiona," alisema, "mguu ni wangu."

Kisha alirudi ndani, akaomba nafasi. Aliwaambia watu kwamba ushuhuda alioutoa haukuwa sahihi. Gari halikusimama lenyewe. Alikuwa ameacha kuendesha, akiwa na mke wake, watoto wake na dada yake ndani, na aliyewaokoa ni Mungu na koo la Mama Faida. Watu wachache walicheka, kisha wakaona Papa hacheki. Jina langu hakulitaja hata mara moja.

Nilisimama. Nadhani nilizungumza haraka mno. Nilisema gari lilituonya, maneno yalikuwepo, Papa aliniuliza yanasema nini na mimi nikamdanganya. Nikakaa. Hakuna aliyeitikia amina. Bibi mmoja nisiyemfahamu alisogea kunipisha kwenye benchi, basi.

Baada ya hapo nilikwenda garini nikachukua kile kitabu. Tuliketi kwenye ngazi za kupanda juu, mimi na Papa, nikaanza na pembetatu ya kwanza. Nilimsomea kila moja kama ilivyoandikwa, hata zile zinazojirudia, na yeye akairudia kwa maneno yake ndipo nigeuze ukurasa. Alinisimamisha mara mbili kuuliza. Mara moja sikuelewa neno, nikamwambia sijui, tukalitafuta kwenye simu ya Mjomba. Mama alipotuita kula tulikuwa tumemaliza breki na taa. Nikamwomba Mama anipe kiti cha mbele kesho, nimsomee Papa kila neno gari litakaloandika, akakubali. Nimeweka alama ya karatasi kwenye ukurasa tuliofika, na tumekubaliana tumalizie baada ya chakula, kisha tukifika nyumbani niisome barua ya hospitali, yote.