Gia ya Tano ni Yako

Lokori, Turkana
3 Agosti 2025

Mama Cate mpendwa,

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke Eburru. Natumaini wewe na Cate ni wazima, na goti lako limeacha kukusumbua. Mimi nipo. Mgongo unauma kila jioni na vumbi la kokoto limenipa kikohozi, lakini nakula na nalala. Mtandao huku bado hakuna, kwa hivyo barua hii nampa dereva wa lori la mafuta, aiache Nakuru kwa binamu yako anayekata tikiti stendi.

Nimesikia giaboksi ya pikapu imekufa na ekseli ya nyuma inalia. Sikulaumu, lile gari ni kuukuu kuliko ndoa yetu. Lakini bila gari hakuna maji ya kupandisha mlimani wala maziwa ya kuteremsha Gilgil, na bila hiyo kazi mimi siwezi kurudi. Mwisho wa Novemba msimamizi wa barabara tunayojenga atataka tutie sahihi mkataba wa miaka miwili mingine. Pikapu ikipanda mlima na mapipa yote yakiwa yamejaa, sitii. Isipopanda, natia.

Ekseli na giaboksi tutanunua mara moja tu, kwa hivyo pima kwanza. Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, toa gia, weka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye shafti inayotoka giaboksi kwenda ekseli. Zungusha tairi mara moja uhesabu shafti imezunguka mara ngapi. Mizunguko mingi ni gari la pole lenye nguvu ya mlima. Michache ni gari la mbio linalofia mlimani. Yetu ilikuwa inapanda na nusu ya mapipa tu, kwa hivyo tunataka mizunguko zaidi ya hiyo.

Mume wako,
Baba Cate


Eburru
24 Agosti 2025

Baba Cate,

Tu wazima, tunamshukuru Mungu. Goti ni la kuombea tu. Hicho kikohozi usikidharau, funga kitambaa puani hata wenzako wakikucheka.

Nimepima. Mama yako alipita akanikuta chini ya gari, akauliza nani amenigonga. Shafti ilizunguka mara mbili na kidogo.

Kule Nakuru Kihara wa vipuri vya mtumba ana ekseli mbili zinazoingia kwa gari letu. Moja anasema mizunguko yake ni tatu na nusu, nyingine karibu tano. Giaboksi pia anazo mbili. Kuna ya gia nne kama ile yetu, na kuna ya gia tano, lakini hiyo ni ndefu, lazima fundi akate shafti. Maji tunabebewa na punda wa jirani yetu Muturi, na wateja wa maziwa wameanza kuniangalia vibaya. Nijibu upesi.

Mke wako,
Mama Cate


Lokori
7 Septemba 2025

Mama Cate mpendwa,

Salamu nyingi. Kitambaa nimefunga, na wamenicheka kama ulivyosema.

Nimefikiria sana. Kama yetu ni mbili, tatu na nusu itapanda mlima huo ikiimba. Tano ni kobe. Gari halibebi maji siku zote, na ningependa siku moja nipite barabara ya Nakuru bila injini kupiga mayowe. Chukua ekseli ya tatu na nusu. Giaboksi ni ile ya gia nne, tusikate vitu.

Mume wako,
Baba Cate


Lokori
28 Septemba 2025

Mama Cate,

Salamu baadaye. Usinunue.

Leo nilikuwa namsaidia Kahiga, fundi wa magreda, nikamsimulia habari ya ekseli yetu. Akaweka spana chini. Akaniuliza, "Mama aliinua gurudumu moja au yote mawili?" Nikasema moja, ndivyo nilivyomwambia. Akasema, "Boss, basi hiyo hesabu umeikata nusu."

Gurudumu moja likikaa chini, lile la juu hukimbia maradufu, na shafti inaonekana imezunguka kidogo. Kwa hesabu ya Kihara yetu si mbili, ni nne na kidogo. Ile ya tatu na nusu ni ya mbio kuliko yetu. Nimekuambia ununue gari ambalo halitafika hata kwa Muturi.

12 Oktoba. Barua hii bado ninayo. Mto umejaa na lori halijavuka. Kila asubuhi naenda kutazama maji. Msimamizi amepitisha zile fomu, nimesema kalamu yangu imekauka.

Baba Cate


Eburru
26 Oktoba 2025

Baba Cate,

Hujambo huko? Sisi hatujambo, na mvua imenyesha kidogo.

Barua yako ya kusema usinunue ilifika jana. Mimi nilinunua wiki tatu zilizopita.

Sasa tulia nikueleze. Unajua kopo langu la kupimia maziwa. Wateja wengine huja na makopo yao na maneno mengi, na mimi humwaga yote kwa kopo langu ndipo niandike. Kwa Kihara nilifanya hivyo hivyo. Akasema tatu na nusu, nikamwambia hayo ni ya kopo lako. Nikamwomba akanyage upande mmoja wa ekseli, nikazungusha ule mwingine mara moja kama nilivyofanya nyumbani. Shafti haikufika hata mara mbili, na yetu ilipita. Ile nyingine ilifika mbili na nusu. Kihara akaniambia, "Mathe, utafikisha watu hospitali wakiwa wamepona." Nikamwambia waliopona ndio hulipa.

Kwa hivyo sikukutii. Nimechukua kobe.

Jumanne tulijaza mapipa yote. Pale penye kona ya mawe, mahali ilipokuwa ikizimika, nilishika gia ya kwanza nikasubiri ife. Haikufa. Mama yako alikuwa mbele amekumbatia jiwe la kuzuia gurudumu, na tulipofika juu akakataa kulitoa mapajani. Kurudi na maziwa, injini inalishika gari yenyewe, breki nagusa tu.

Lakini giaboksi nimenunua ya gia tano na shafti imekatwa. Uliandika kuhusu barabara ya Nakuru na injini kupiga mayowe. Mlimani mimi sifiki hata gia ya nne. Gia ya tano ni yako.

Mke wako,
Mama Cate


Lokori
23 Novemba 2025

Mama Cate mpendwa,

Natumaini nyote mko salama, na mama ameweka jiwe chini. Kikohozi kimepungua.

Barua yako nimemsomea Kahiga. Amesema nikuletee chaki.

Msimamizi alikuja na fomu mara ya mwisho jana. Nilimrudishia bila sahihi. Akauliza kama nimepata kazi nzuri zaidi, nikasema ndiyo, ya kubeba maji.

Nafika Nakuru Jumamosi, tarehe 13 Desemba, kabla ya saa sita. Njoo na pikapu, umlete Cate. Lami nitaendesha mimi hadi tupite Gilgil, na Kikopey tutasimama tule nyama. Pale kwenye njia ya mlima nitashuka nikupe usukani.

Mume wako,
Baba Cate