Koti la Baba na Donge la Jumamosi

Materdei, Napoli
Jumapili, 9 Machi

Kaka yangu mpendwa Vitale,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Ornella na watoto. Natumaini kile kikohozi kimekuacha, na kwamba ukungu wa Torino haukuonei sana mwaka huu. Sisi huku ni wazima, isipokuwa Mama aliteleza ngazini wiki tatu zilizopita akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Usishtuke. Amefungwa plasta, anakula vizuri, na kutukana anatukana vizuri zaidi. Kila siku anauliza habari zako, nami namjibu kwamba utapiga simu Pasaka kama kawaida yako. Akisikia hivyo hugeuza uso dirishani.

Sasa fikiria: mkono wa Mama umefungwa, na Jumamosi hiyo inakuja. Tangu aolewe, nyumba hii haijakosa pizza Jumamosi hata moja, hata wiki tuliyomzika Baba. Ikabidi nikande mimi. Usicheke, ingawa najua umeshaanza. Miaka ishirini nimeandika gazetini juu ya pizza. Nimewachapa wanaosukuma donge kwa kifimbo, nimewachapa wanaomwaga jibini ya mfuko, nimegombana na wapishi, maprofesa na kasisi mmoja. Katika watu wote hao, hakuna aliyefikiria kuniuliza kama nimewahi kukanda. Jibu ni hapana. Mama alilijua jibu hilo, akalitunza miaka yote. Nilipofunga aproni alivuta kiti, akakaa, akasema, “Haya, mwandishi, tuone kama kalamu inakanda unga.”

Jumamosi ya kwanza nilifuata makala zangu mwenyewe. Maji niliyapima kwa mizani, hamira kidogo tu, kisha donge likalala ndani ya friji tangu Ijumaa. Mama alinionya kwamba donge linataka joto la mtu, si kabati la barafu. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya bibi zetu na kwamba vitabu vimeshalimaliza suala hilo. Nikalitoa likiwa baridi kama samaki, nikalitandaza kwenye sinia, nikalisukuma ndani ya oveni. Mzee Liborio, yule fundi viatu wa chini ambaye bado huja kula kipande chake, alikipinda, hakikupindika. Akauliza kwa adabu kama ni saizi gani, maana yeye huvaa arobaini na mbili. Mama alicheka mpaka mkono ukamuuma.

Jumamosi iliyofuata nikasalimu amri. Nilikanda kwa kufuata maneno ya Mama, na maneno yake unayajua: usilipige, kwani limekutukana? Lisukume kwa kiganja, hivyo vidole ni vya kucheza piano. Mikono ikaniuma hadi mabegani. Nilipomaliza akanyoosha mkono wa kushoto, akachora msalaba juu ya donge kwa ubavu wa kisu, polepole, kama mtoto anayejifunza kuandika. Halafu akaniagiza nilete blanketi, nilaze bakuli kitandani, na nilete koti.

Vitale, hapa nasimama kidogo. Nimewaambia watu wengi ukweli wao gazetini; wangu sijawahi kuuandika.

Koti hilo ni la Baba. Ni lile la sufu nyeusi alilovaa akiendesha tramu, lile ambalo ulikuja kuliomba siku ya tatu baada ya maziko. Hukuomba kitu kingine katika nyumba hii. Nilikuambia kwamba nimelipeleka parokiani kwa ajili ya maskini. Ukanipigia kelele, nikakupigia kelele zaidi, ukapanda treni. Ni miaka tisa sasa. Kaka, koti halikwenda parokiani. Lilikuwa limelala kitandani siku ile ile, upande wa Baba, Mama amelifunga kuzunguka bakuli la unga. Nililiona kabla hujabisha hodi, nikaufunga mlango wa chumba.

Ningeweza kukuambia nilidanganya kwa ajili ya Mama. Ni uongo mzuri, ungeuamini. Ukweli ni kwamba nilikukasirikia. Wewe uliondoka, mimi nikabaki na dawa, ngazi na hospitali, nikaona aliyeondoka hana haki ya kuja kuchagua. Nilitaka nawe upoteze kitu. Mama hajui mpaka leo.

Jumamosi ile alisimama kando ya kitanda akinikagua. Nilifunga vifungo vyote, kimoja kimoja. Cha tatu hakiko, na penye pengo lile Mama huchomeka kitambaa ili upepo usiingie. Nikasema tushone kingine. Akakataa. Akasema kifungo cha tatu anacho Vitale. Alikuona kwa macho yake ukikikata kwa mkasi wa cherehani asubuhi ya maziko, ukakitia mfukoni, naye akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa nini, kama ulilipenda koti hivyo, hujawahi kuja hata siku moja kulivaa.

Nikasema naenda kuchuma majani ya rehani ya pizza pale barazani.

Donge liliumuka, kaka. Liliinua koti kama mtu anayevuta pumzi. Pizza ilitoka laini, nyanya zikichemka kingoni, na mzee Liborio alikula vipande vitatu bila kutaja viatu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo unitukane hapa, mbele ya sinia. Kabla ya Mama kulala leo nitamwambia nililofanya, ili usinikute nimejificha nyuma yake. Koti ni lako tangu siku ile. Ukitaka kulichukua, lichukue, nami nitatafuta blanketi zito zaidi. Ila njoo Jumamosi, kabla ya saa nane mchana, donge likiwa bado halijafunikwa. Na ukija, njoo na kifungo. Uzi mweusi nimeshanunua.

Wabusu watoto kwa ajili ya shangazi yao. Mama anakubariki kwa mkono wa kushoto, anasema huo nao unafika.

Dada yako,
Ersilia