Poni Aliyetakiwa Kubaki Nyuma

Ladu, ndugu yangu,

Poni, mhusika wetu wa gemu, ametoka. Hii ni wiki ya tatu. Vijana wa kibanda cha gemu pale sokoni Koboko wanamchezesha kutwa, ila hawamwiti Poni, na wewe ungepita karibu yao usingemtambua. Naanza na habari hii kwa sababu ndiyo uliyoisubiri, na kwa sababu nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe.

Nilikudanganya, Ladu. Ulikufa ukiamini uongo wangu.

Unaikumbuka siku tuliyokutana? Nilitoka Arua na kibao changu cha kuchorea kilichokataa kuwaka, nikaambiwa kuna fundi simu mmoja Koboko, mkimbizi wa kutoka Yei, ng'ambo ya mpaka, hashindwi na kitu. Nikakukuta kwenye kiti cha plastiki, umevaa sweta juani kwa sababu ya selimundu, ugonjwa ambao hukutaka mtu autaje. Ulikiwasha kibao, ukapitia michoro yangu yote, mashujaa wenye mapanga, mashujaa wenye mabawa. Kisha ukaniuliza, "Iko muzuri. Lakini hii mutu nafanya nini?"

Nilijua kuchora mikono. Sikuwahi kujiuliza mikono hiyo ina kazi gani.

Kwa hiyo niliposikia kwamba ile studio ya ng'ambo inatafuta mhusika mpya wa gemu lao, lile la watu watano dhidi ya watano, nilikuja kwako kwanza. Mimi nilitaka shujaa wa radi. Wewe ulikuwa unafunga skrini ya simu ya mtu, hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Tuwape mama yangu."

Ndipo ukanisimulia. Mlipokimbia Yei, watu wote walitaka kufika mpakani, na mama yako akachagua kutembea wa mwisho. Aliyekaa chini kwa uchovu, alimkuta. Mtoto aliyeachwa, alimwokota. Wewe mwenyewe, miguu ilipokataa, ulibebwa mgongoni ukiwa na miaka kumi na minne, ukifunika uso kwa aibu. Ukaigeuza safari hiyo kuwa kanuni za mchezo: Poni, kwa jina la mama yako, akikaa nyuma ya wenzake wanne anawaona wote, na mikono yake inapata nguvu ya kumwinua aliyeanguka. Akitangulia, anakuwa mtu wa kawaida, haoni kitu.

Tuliijaribu kwa vifuniko vya soda kwenye sakafu ya chumba changu, mtaani Oli hapa Arua. Siku mama yako alipokuja kukuchukua, alisimama mlangoni akitutazama tunavyobishana. Akainama, akakivuta kifuniko cha Poni hadi ukutani. "Hapana. Hapa mimi nakosa kuona mutu ya mwisho." Hesabu zako za wiki mbili zikafia pale pale. Ulikasirika, ukahesabu upya, na jioni ile ile ukakubali kwamba mama amekushinda.

Nikamchora alivyo. Mwanamke mzima, miguu minene, kitenge kimefungwa mara mbili kiunoni, jerikeni la njano mkononi. Nilichora hata ule mkunjo kati ya nyusi zake. Wakatuchagua. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Halafu ukaugua, safari hii vibaya. Wewe ulikuwa umelazwa Koboko, mimi niko Arua, na wale watu wa studio wakataka kuzungumza nasi kwenye video. Niliingia peke yangu. Walikuwa watatu, wapole sana. Ningependa kukuambia kwamba walikuwa na dharau, lakini hawakuwa nayo. Walisema wachezaji hawapendi kukaa nyuma. Walisema mwanamke wa umri ule hakuna atakayemchagua. Walisema jina Poni kwa Kiingereza linasikika kama farasi mdogo. Basi wangempa umri wa miaka ishirini, mkuki, shanga, na nguvu zake wangezihamishia mbele, awe wa kwanza kuvamia. Jerikeni wakaliondoa bila hata kulizungumzia.

Wakauliza, mimi na mwenzangu tunakubali?

Nilipaswa kusema mwenzangu yuko hospitali, ngojeni nimuulize. Sentensi fupi tu. Nikasema sawa. Wakauliza tena kama nina uhakika, nikasema sawa. Nikatabasamu, Ladu. Niliiona sura yangu kwenye kona ya skrini ikitabasamu.

Ujumbe wako ukaingia kabla sijafunga kompyuta. "Wamesema nini?"

Nikaandika, "Wamependa yote. Hawagusi kitu."

Ukajibu neno moja, "Mama." Siku mbili baadaye ulifariki.

Wachache niliowaambia wananifariji. Eti nilikuhurumia, eti angalau ulikwenda na furaha. Naitikia kwa kichwa. Haikuwa huruma. Niliogopa ugomvi wako. Ungekuwa mzima wa afya ningekudanganya vile vile, ila ungekuja Oli kunishika shati. Kifo chako kiliniondolea ugomvi huo, na kuna siku, niseme tu, nilishusha pumzi. Nimeiandika sentensi hiyo na sasa siwezi kuifuta.

Kwenye maziko yako nilisimama katikati ya nyimbo za Kibari, lugha yenu, sijui mikono niiweke wapi, nikisoma kimoyomoyo dua ninazozijua mimi. Mama yako akaniona. Akanishika mkono mbele ya waombolezaji, akawaambia, "Huyu ndiye nachora mimi." Watu wa kanisa lenu, wazee kwa vijana, wakapanga mstari kunishukuru. Niliwapa mkono wote.

Baada ya hapo nikasaini mkataba. Walisema marehemu hawezi kusaini, kwa hiyo kwenye orodha ya waliotengeneza kuna jina langu peke yake, tena wamelikosea herufi. Sikuuliza kama jina lako linaweza kuandikwa hata bila saini. Nilirudi kwenye kazi yangu ya kuandika mabango. Juzi nimemaliza bango la wakala mmoja wa forodha kule Vurra, lori limechorwa vizuri, kila mtu amelisifu.

Jumanne mama yako alikuja Oli. Vijana wa sokoni walimwambia mhusika wa Ladu ametoka, akavaa gauni lake la kanisani, akapanda gari asubuhi. Alikuja na karanga za kukaanga, zimefungwa kwenye karatasi. Akaketi kwenye kiti kile ulichokuwa unakalia wewe, akasema, "Nionyeshe."

Nilifikiria kusema umeme umekatika. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu.

Nikawasha. Akatokea msichana yule na mkuki wake, kiuno kama cha nyigu, anaitwa Zuwari, jina ambalo si la lugha yoyote ninayoijua. Mama yako alisubiri. Alidhani huyu ni mwingine, kwamba Poni atafuata. Nikaanza kucheza. Zuwari akatoka mbio, akawapita wenzake, akaruka ukuta. Nyuma mmoja akaanguka, kisha wa pili.

"Mbona yeye naacha wenzake?"

Nikazima. Nikamwambia kila kitu. Ile video, zile sawa zangu, ujumbe wako na jibu langu. Nilimwambia na ile pumzi niliyoishusha. Nilitaka anipige, mama mzima kama yule, nadhani ningepona kidogo.

Hakunipiga. Alinyoosha gauni magotini. Akasema, polepole kama mtu anayehesabu mishono, "Siku ile yeye naniita karibu, nasema, Mama, sasa watu najua kitu wewe nafanya. Mimi gemu sijui. Lakini yeye nafurahi, na mimi nafurahi sababu yeye nafurahi." Kisha akaniangalia, "Wewe nadanganya mutoto yangu, yeye nafurahi. Sasa mimi nafurahi na nini?"

Aliomba karatasi. Nilimpa zote, michoro ya kwanza, kanuni zako zilizoandikwa nyuma ya risiti za vipuri, hata ile uliyoichafua kwa chai. Alizipanga kwenye mfuko wake wa sokoni na kuondoka. Karanga aliziacha mezani. Bado zipo. Siwezi kuzila wala kuzitupa.

Jana studio wameandika. Zuwari anapendwa, wanataka nichore ndugu yake. Niliwajibu kwamba ndugu yake simjui, na huyo Zuwari mwenyewe simjui, na kwamba aliyebuni mhusika waliyempokea anaitwa Ladu na mama aliyemfunza kanuni anaitwa Poni, waandike majina hayo au wafute langu. Usifurahi. Ni ujasiri wa mtu ambaye hana tena wa kumwogopa. Ujasiri huo ulihitajika siku ile ya video, kwa dakika nne tu, na sikuwa nao.

Leo asubuhi mama yako amenipigia. Hakunisalimu. Alisema tu, "Jumamosi wewe nakuja Koboko," akakata. Sijui ananiitia nini. Labda wazee wamekaa, labda ni watu wale wale walionipa mkono siku ya maziko na sasa wanataka maelezo. Sijasamehewa, hilo nimelisikia kwenye sauti yake.

Nitakwenda. Lala, ndugu yangu, miguu yako ipumzike. Ninachokuahidi ni kimoja: lolote watakaloniuliza pale nitalijibu lilivyo, mbele ya wote, hata kama likishatoka mdomoni mlango wa nyumba yenu utafungwa kwangu maisha yote.

Mimi,
Rajabu