Samaki Niliowachanja kwa Mkono Wangu

Jumatatu, 4 Agosti
Tisa wamekufa kizimba cha tatu. Joto tu. Samaki wangu hawaugui. Samaki aina ya buri elfu nne wa kizimba kile nimewachanja mimi, mmoja mmoja, hakuna aliyeponyoka. Ghuba nzima hakuna mkono kama huu. Torakichi, mfugaji wa ng'ambo ya ghuba, ana mashine na bado anachoma hewa!

Jumatano, 6 Agosti
Sitini na mbili. Macho yametoka nje. Nafungua shavu — damu. Ugonjwa huu naujua, uliniulia samaki kabla chanjo haijaja. Lakini hawa wamechanjwa! Mke wangu Masue kasema niwaite watu wa maabara ya mkoa. Nikamwambia nilikuwa nafuga wao wakinyonya. Kasema haya, fuga basi, hao wanaelea.
Nimewapigia.

Ijumaa, 8 Agosti
Kaja Daktari Nishiwaki. Binti mdogo, hata kofia hajui kuifunga, upepo umeichukua. Kapasua samaki watatu, kachukua vijidudu vya kwenye ubongo, kaondoka navyo. Waliokufa leo mia mbili na kumi.

Jumatatu, 11 Agosti
Majibu. Daktari kasema: kijidudu ni kilekile, Babu, koti ndilo jipya.
Koti gani? Kasema kila kimoja kimevaa utando wa utelezi, ndio unaokikinga kisiliwe na damu ya samaki. Chanjo huifundisha damu kulijua koti hilo. Tumechanja miaka kumi na tano, vyenye koti la zamani vimekwisha. Vichache vilikuwa na maagizo ya kushona koti, yale ya kurithishana, yaliyobadilika kidogo. Hivyo damu haikuvitambua, havikuguswa. Vikazaana.
Nikamuuliza nimekosea wapi.
Hukukosea, Babu. Ulichanja vizuri mno. Vya zamani hukuviachia hata pa kujificha.
Sijawahi kusifiwa nikaumia hivi.
Chanjo mpya? Inatengenezwa, ni ya vifaranga wa mwakani. Hawa ukiwachoma sasa watafia mkononi. Sasa nifanye nini? Usiwalishe. Hata punje, siku kumi. Aliyeshiba hufa upesi.
Nifanye kwa kutofanya! Mimi!

Jumanne, 12 Agosti
Samaki wanaijua injini ya boti yangu, kwao ni chakula. Wamepanda juu wote, maji yanachemka kwa samaki. Nimekaa mikono mitupu. Torakichi kapita na boti yake, kapaza sauti: We Isoji, umekuwa mtawa? Mnafunga pamoja? Nikamtukana vizuri. Kisha akasogea, akauliza kwa sauti ya chini, macho yametoka? Ndiyo. Kasema kwake tangu jana.
Hakucheka tena.

Jumatano, 13 Agosti
Masue kawaandalia marehemu wetu wali na biringanya, ni sikukuu yao, roho zao zinarudi nyumbani leo. Marehemu wanakula. Wangu walio hai hawali.
Mia tatu arobaini.

Ijumaa, 15 Agosti
Mia moja tisini. Wamepungua! Au wa kufa ndio wanakwisha? Daktari kwenye simu: bado hatujui, Babu. Masue kasema leo nisiende, nikienda nitawaonea huruma niwalishe. Nikamwambia mimi na huruma wapi na wapi.
Naandikia botini. Nilizima injini mbali nikapiga kasia wasisikie. Wamesikia. Wako juu, midomo wazi. Mmoja jicho limemtoka, anazunguka upande mmoja tu, anarudi palepale nilipo. Wamekonda, migongo kama visu. Mfuko wa chakula uko miguuni pangu, nimeupakia mwenyewe. Kamba ya mfuko nimeshaifungua. Masue yuko gatini, anapunga mikono yote miwili, anaita, sisikii anasema nini —